Kibodi ya ofisi ya kijiji ichaguliwe kwa kazi yake

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, ndiyo iliyoupa Mkutano Mkuu wa Kijiji nafasi yake ya juu katika mambo ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, nayo haiiruhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla mkutano huo haujaridhia. Lakini ridhaa ya wananchi haisafiri yenyewe. Kinachofika Kibiti, na kinachoshikwa na afisa aliye mezani pake, ni karatasi ya muhtasari. Hivyo basi chombo kinachoandika muhtasari huo si pambo la ofisi. Ni chombo cha utawala, sawa na mhuri na daftari la mahudhurio.

Ukurasa huu leo unakusudia kuzungumza juu ya sehemu moja tu ya chombo hicho, nayo ni kibodi, ule ubao wa vitufe ambao vidole vyetu huugusa tunapoandika kwa kompyuta. Huenda msomaji akaona jambo hili ni dogo. Aliye mjini akiharibikiwa na kibodi asubuhi hununua nyingine kabla ya adhuhuri. Mtendaji wa Kijiji katika kata ya Maparoni au Kiongoroni hana njia hiyo. Kwake yeye kibodi ikikataa, muhtasari huandikwa kwa mkono, hutiwa ndani ya bahasha, hupanda mashua kwa kufuata maji mpaka Nyamisati, kisha hupanda gari hadi Kibiti, na huko hukabidhiwa kijana wa steshenari ambaye hulipwa kwa kila ukurasa. Kijana huyo hana hatia yoyote, anafanya kazi yake. Lakini orodha ya majina ya waliogawiwa mashamba, barua ya malalamiko juu ya mtu fulani mwenye nguvu, taarifa ya mgonjwa, vyote hivyo vimesomwa na mtu asiyehusika, na nakala yake imebaki katika kompyuta ya dukani kwa muda asioujua mtu. Shauri lililozungumzwa na wanakijiji wenyewe chini ya mwembe huwa limekwisha kutoka mikononi mwao kabla halijafika Serikalini.

Tuanze basi na kazi yenyewe ambayo kibodi inatakiwa kuifanya, nayo ni kuandika Kiswahili.

Mpangilio wa vitufe tulio nao hatukuuchagua sisi. Ulitokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyepata hati ya uvumbuzi pamoja na wenzake mwaka 1868, na mashine hiyo ikaanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Ilikuwa mashine ya kuandikia Kiingereza. Wafaransa na Wajerumani walipoipokea walihamisha baadhi ya herufi ili zifuate lugha zao. Kwetu sisi mashine ilifika na mpangilio wa Kiingereza ukabaki vivyo hivyo. Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Ndugu Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za Serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 2021 Bunge likabadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lugha ya ofisi imebadilika tangu juu hadi chini, ila vitufe vimekaa palepale alipoviweka Sholes.

Matokeo yake mtu anaweza kuyahesabu kwa kalamu. Chukua sentensi mbili za kawaida za ofisi ya kijiji. Ya kwanza: "Wananchi wa kata ya Maparoni wanaomba mashua ya kuwapeleka wagonjwa Nyamisati." Ya pili: "Mkutano ulifunguliwa na Mwenyekiti wa Kijiji saa nne asubuhi." Kwa pamoja zina herufi 119. Herufi A imo mara 27, na hakuna herufi nyingine iliyozidi mara 12. Herufi Q na X hazimo kabisa. Yaani zaidi ya herufi moja katika kila tano ni A. Katika Kiingereza herufi inayotumika kuliko zote ni E, nayo ni kadiri ya 12 tu katika kila mia, tena huangukia kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kidole chenye nguvu. A yetu imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono huo, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Tena silabi "wa", ambayo Kiswahili hakiendi bila yake, hulazimisha kidole cha pete na cha mwisho kufuatana kwa haraka, W na A zikiwa zimekaribiana kabisa. Waliofunzwa kupiga chapa kwa vidole vyote kumi, kama wale waliopitia Chuo cha Uhazili Tabora, wanaijua vyema kazi ya kidole kile.

Jambo hili lina maana mbili kwa anayenunua kibodi. Maana ya kwanza ni kwamba kitufe kisitake nguvu nyingi. Ya pili ni kwamba kitufe cha A ndicho kitakachofanya kazi kubwa kuliko vyote, hivyo ni busara kujua mapema kitatengenezwaje kitakapokufa.

Katika ofisi moja ya umma ambayo haina haja ya kutajwa, niliwahi kumwona karani ambaye A yake ilikwisha kufa. Alikuwa amenakili herufi moja ya "a" kutoka barua ya zamani, na kila alipoihitaji aliibandika kwa vitufe viwili vya amri. Aliandika barua ya nusu ukurasa kwa muda wa kikao kizima. Kompyuta ilikuwa nzima, printa ilikuwa nzima, umeme ulikuwapo. Kilichokosekana ni kikombe cha mpira kisichotimiza hata upana wa kucha.

Kikombe hicho ndicho siri ya kibodi nyingi za bei nafuu zilizomo maofisini. Chini ya vitufe vyake vyote pana utando mmoja wa plastiki na mpira. Ukibonyeza kitufe, kikombe cha mpira hubonyea, na mistari miwili iliyochapwa juu ya utando hugusana. Ni ubunifu mzuri na wa gharama ndogo, na sitaki kuudharau. Utando huo hata huvumilia chai iliyomwagika kuliko kibodi za namna ile nyingine nitakayoitaja. Tatizo lake ni kwamba vitufe vyote hutegemea kipande kimoja. Mahali pamoja pakichakaa au pakiliwa na chumvi, mara nyingi hapana sehemu ya kubadilisha, na kibodi nzima hutupwa.

Namna ya pili ni zile ziitwazo kibodi za mekanika. Humo kila kitufe kina swichi yake ya pekee, yenye springi yake na vipande vyake viwili vya madini vinavyogusana. Aina iliyoenea zaidi duniani ni ile iliyotolewa na kampuni ya Cherry katika miaka ya 1980. Haki yake ya uvumbuzi ilipokwisha muda katika miaka ya 2010, viwanda vya China navyo vikaanza kutengeneza swichi za umbo lile lile kwa bei ya chini, na ndiyo sababu kibodi za namna hii leo si mali ya matajiri peke yao. Bado bei yake ni mara kadhaa ya ile ya mpira, na mwenye kuidhinisha fedha ana haki ya kuuliza kwa nini alipe zaidi.

Wauzaji watamjibu kwa mamilioni. Watasema swichi hizi hubonyezwa mara milioni 50 kabla ya kuchoka, na vikombe vya mpira milioni 5 au 10 tu. Hoja hiyo tusiipokee bila kuipima. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye herufi 2,000 una A kama 450. Karani akiandika kurasa 10 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, A itabonyezwa mara milioni moja na zaidi kidogo. Basi hata mpira wa milioni 5 ungepaswa kudumu miaka minne na ushee, na ni ofisi chache za kijiji ziandikazo kurasa 10 kila siku. Ni dhahiri kwamba huku Delta kibodi haifi kwa kubonyezwa. Inakufa kwa hewa ya chumvi, kwa unyevu wa masika, kwa mchanga mwembamba, kwa mende, na kwa kusafirishwa ovyo. Ubora wa mekanika kwetu haumo katika yale mamilioni. Umo katika kutengenezeka.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi asipoliuliza atakuwa ametoa fedha nyingi kwa faida ndogo. Kibodi za mekanika ni za makundi mawili. Katika kundi la kwanza swichi zimechomelewa kwa risasi juu ya bodi ya saketi, na kubadilisha moja kunahitaji fundi redio mwenye solda na mkono mtulivu. Katika kundi la pili swichi zimechomekwa tu ndani ya matundu, na hung'olewa kwa koleo dogo la waya linalokuja na kibodi yenyewe. Mtendaji, mwalimu au mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika mbili, kwa kuangalia tu ncha mbili za chini zisipinde.

Sasa turudi kwenye hesabu yetu. Herufi Q na X hazimo katika maneno ya Kiswahili. Swichi zake hukaa miaka zikiwa mpya. Siku A itakapokufa, ng'oa swichi ya Q uipeleke kwenye A, na ile mbovu uichomeke kwenye Q ikae huko. Ikifa N, chukua ya X. Kila kibodi ya aina hii inayonunuliwa kwa kazi ya Kiswahili inakuja na vipuri viwili ndani yake, bila mtu kuandika barua ya maombi wala kungoja boti. Mwenye haja ya Q kwa jina la mgeni atakuwa amechelewa kidogo, lakini mkutano utakuwa umeandikwa.

Walimu wa chuoni walikuwa wakichonga kalamu za mwanzi kwa kisu, na kalamu ikibutuka waliichonga tena papo hapo, kila mmoja kwa mkato unaofaa mkono wake. Hapana mwalimu aliyetuma kalamu mjini ikachongwe.

Tuangalie ukubwa, maana nao una hesabu yake. Kibodi kamili ina vitufe 104 na urefu wa sentimita 44 hivi. Upande wake wa kulia una kundi la tarakimu ambalo mhasibu wa Halmashauri analihitaji kweli, na yeye asinyimwe. Mtendaji wa kijiji, mwalimu na mganga wa zahanati wanaandika maneno zaidi kuliko mahesabu. Kwao inatosha kibodi fupi ya vitufe 68 au 84, ambayo ni sentimita 31 au 32 tu. Upana wa kitufe haupungui, kwani kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kinachofuata ni milimita 19 sawa na kibodi kubwa. Kinachopungua ni vile vitufe vya pembeni. Tena ufupi huo ni usalama wa safari. Kibodi ya sentimita 31 husimama ndani ya ndoo ya lita 20, mfuniko ukafungwa, na mawimbi ya mlango wa bahari yakaipita juu bila kuidhuru. Ile kubwa huchungulia nje ya kila mfuko.

Hata hivyo ufupi una mpaka wake, na vijana wapendao mitindo wasitupeleke mbali. Ziko kibodi za vitufe 61 zisizo na mishale ya kusogeza, na ziko ndogo zaidi zisizo na hata mstari wa tarakimu. Ofisi ya Serikali haiandiki barua bila kumbukumbu namba wala tarehe, na majedwali hayajazwi bila mishale. Kadhalika alama ya ritifaa. Mtu wa Delta haiandiki siku yake bila neno ng'ambo, na mvuvi na mkulima watataja ng'ombe, kung'oa na kung'ara. Alama hiyo iwe wazi upande wa kulia, jirani na kitufe cha kushuka mstari, isifichwe nyuma ya amri ya vitufe viwili. Ukiiona imehamishwa, iache kibodi hiyo dukani hata ikiwa na taa za rangi saba.

Na hizo taa nazo hatuzihitaji. Tundu la USB la kawaida, lile la aina ya 2.0, hutoa volti 5 na si zaidi ya ampea 0.5, yaani wati 2.5. Kibodi isiyo na taa hutumia sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo. Taa zikiwashwa zote zinaweza kula nyingi ya hizo zilizobaki, na katika ofisi inayotegemea jua na betri, wati mbili usiku kucha si kitu cha kutupa. Waya nao ni bora kuliko Bluetooth, kwa kuwa betri iliyofichwa ndani ya kibodi haipendi joto, na ikivimba hakuna wa kuibadilisha karibu. Waya wenyewe uwe wa kuchomoka pande zote mbili, ili ukikatika ununuliwe waya peke yake.

Faida ya waya wengi hawaijui bado. Simu nyingi za Android hukubali kibodi kwa kiunganishi kidogo cha OTG. Mahali ambapo kompyuta imeharibika au haijapata kufika, katibu wa kikundi cha wavuvi mwenye simu na kibodi fupi anaweza kuandika katiba ya kikundi chake kwa vidole vyote kumi, akaisoma mbele ya wenzake wakaisahihisha, na akaipeleka ikiwa imekamilika. Itabaki kazi ya kuchapa tu, na hiyo haimpi mtu wa dukani nafasi ya kubadilisha maneno.

Juu ya swichi zenyewe, wauzaji huzitenga kwa rangi, na rangi hizo zimekuwa kama lugha ya kimataifa. Ya buluu hulia kwa mlio mkali kila inapobonyezwa. Nyekundu hushuka laini bila kikwazo wala mlio. Ya kahawia ina kikwazo kidogo ambacho kidole hukihisi katikati ya safari. Nyeusi hufanana na nyekundu lakini springi yake ni ngumu zaidi, kiasi cha uzito wa gramu 60 hivi mahali pa nyekundu kutaka 45. Kwa sababu ya kidole kile cha mwisho, nyeusi isinunuliwe. Buluu nayo nzuri kwa aliye peke yake, bali si kwa anayeandika muhtasari huku kikao kikiendelea. Ofisi za zamani zilipenda kelele za taipureta, na wapo wakubwa waliopima bidii ya karani kwa kusikiliza kutoka chumba cha pili. Mwananchi anayesimama kueleza shida yake mbele ya baraza hastahili kushindana na mlio. Chaguo langu ni kahawia, ingawa sitagombana na mwenye kuchagua nyekundu.

Herufi zilizochapwa juu ya vitufe kwa rangi tupu hufutika upesi kwa jasho na vumbi, na A hutangulia. Zile zilizomiminwa kwa plastiki mbili, moja ndani ya nyingine, hazifutiki kwa sababu herufi inapenya unene wote wa kitufe. Bamba la ndani linaloshika swichi lisiwe la chuma cha kawaida, kwa maana kutu ya huku haina subira. La alumini au la plastiki ngumu linafaa zaidi.

Matunzo yake ni yale ambayo mabibi wa taipureta waliyafuata bila kuambiwa mara mbili. Jioni kibodi ifunikwe kwa kitambaa safi. Kila mwezi vifuniko vya vitufe vivuliwe na takataka zipanguswe kwa brashi kavu. Ikimwagikiwa na maji ya chumvi, ichomolewe mara moja, isuuzwe kwa maji baridi safi ili chumvi itoke, kisha ikae kivulini siku kadhaa kabla ya kurudishiwa umeme. Juani plastiki hupinda. Na kwa kuwa kibodi za mekanika zimeinuka kidogo, kipande cha ubao wa mnazi kilicholainishwa vizuri, kiwekwe mbele yake, huwapumzisha mikono wale waandikao kwa muda mrefu.

Ununuzi wa umma tangu mwaka 2023 umeingia katika mfumo wa mtandao uitwao NeST, na humo mzabuni huleta kile kilichoandikwa, si kile kilichokusudiwa. Ikiandikwa "kibodi, moja", italetwa ya mpira iliyo rahisi kuliko zote, na aliyeileta atakuwa hakukosea. Maafisa wa ugavi wa wilaya zetu za pwani, wanapotayarisha mahitaji ya mwaka wa fedha uanzao Julai 1, waandike hivi kwa ofisi za visiwani: kibodi ya mekanika, vitufe 68 hadi 84, yenye mishale na mstari wa tarakimu, swichi za kahawia au nyekundu za kuchomeka, herufi zilizomiminwa, waya wa USB unaochomoka, bila taa. Waongeze pia koleo la kung'olea, swichi kumi za akiba za umbo hilo hilo, na kiunganishi kimoja cha OTG. Vyote hivyo vitatu huenea ndani ya bahasha ya kawaida ya ofisi, na bahasha hiyo ikae katika droo ya Mtendaji, si katika stoo ya wilaya.